Lugha ya Wazee Wetu katika Soko la Dunia

Somo kwa vikundi vya parokia. Soma kwanza: Nehemia 13:23-27, Ruthu 1, Matendo 2:1-11.



Neno "utandawazi" limefika mpaka vijijini mwetu kwa njia ya redio na telefone. Maana yake ni kwamba bidhaa, habari, nguo, nyimbo na desturi za nchi moja zinaenea upesi katika nchi zote, hata dunia nzima inakuwa kama soko moja. Juu ya jambo hili tumegawanyika. Wazee wengi wanasema: huu ni mwisho wa desturi zetu, watoto watakuwa watu wasio na kwao. Vijana wengi wanasema: tuacheni, sisi pia tunataka kuishi kama watu wa dunia. Ubishi huo umeingia hata katika kwaya. Wengine wanataka kuimba Kilingala na Kiingereza tu, kama wanavyosikia katika telefone, na wimbo wa Kizimba au wa Kibangubangu wanauhesabu kuwa wimbo wa watu wa porini.

Tusijibu upesi. Sisi wa Kasongo na Kabambare tuna faida moja ambayo wengi hawana: soko la dunia lilifika kwetu zamani sana, mbele ya barabara, mbele ya Wabelgiji, mbele ya shule. Basi tunaweza kulipima kwa matunda yake.

PEMBE, NGUO NA BUNDUKI

Nyangwe, kando ya mto Lualaba, palikuwa na soko kubwa la wanawake. Walivuka kwa mitumbwi toka ng'ambo zote mbili, wakileta samaki, chumvi, vyungu, mafuta ya mawese na kuku. Livingstone alifika huko Machi 1871, baada ya kukaa miezi mingi Kabambare akiwa mgonjwa (yeye aliandika Bambarre). Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa pwani wakipiga bunduki katikati ya soko. Ubishi ulianza juu ya bei ya kuku. Watu zaidi ya 300 walikufa, wengi wao wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Habari aliyoiandika iliwashtua sana watu wa Uingereza, na mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alilazimishwa kufunga soko la watumwa.

Ni kitu gani kilichowavuta wageni wale mpaka kwetu? Pembe za tembo, na watu wa kuzibeba. Karibu mwaka 1875 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wote wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo. Mahali pa mji ule wa zamani mpaka leo panaitwa Tongoni, maana yake mahame. Toka hapo pembe zilibebwa kwa mabega, zaidi ya kilometa 1,300, kupitia Kabambare, Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, kisha kwa jahazi mpaka Zanzibar. Wafanyabiashara wa Marekani walizinunua hapo. Katika jimbo la Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, viwanda vilizikata kuwa vipande vyembamba vya kufunika vibonyezo vya piano. Fikirini jambo hilo. Binti wa Marekani alikaa nyumbani kwao akijifunza kupiga piano, na vidole vyake viligusa tembo wa bara letu, tena labda tembo wa msitu wa Maniema, naye hajasikia hata jina la Maniema. Je, soko la dunia ni jambo la jana?

Sasa tutazame nguo, kwa sababu nguo inasema vizuri kuliko maneno mengi. Wababu zetu walivaa nguo zilizofumwa kwa nyuzi za mabondo. Vipande vya nguo hizo vilitumika pia kama pesa sokoni. Wageni walileta shanga, bunduki na kitambaa cheupe kiitwacho merikani. Jina lenyewe linasema kilikotoka: kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar kwa meli za mji wa Salem. Wamarekani walipopigana wao kwa wao, mwaka 1861 mpaka 1865, merikani ilipungua Zanzibar, na nguo za Uingereza na za India zikaingia mahali pake. Vita vya watu wa mbali hivyo vilifika mpaka kiunoni mwa mtu wa Afrika. Polepole aliyevaa mabondo akaanza kuonekana mshenzi, na aliyevaa merikani au kanzu akaitwa mwungwana.

Kisha wakaja Wabelgiji. Walipigana na Waarabu toka 1892 mpaka 1894. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Walisema wamekuja kuondoa utumwa. Lakini toka mwaka 1917 walilazimisha watu kulima pamba, na wazee wanakumbuka bado hadithi za kapita na fimbo. Mkulima alilima pamba, akaiuza kwa bei iliyowekwa na wengine, pamba ikaenda Ulaya, na yeye akarudi dukani kununua nguo.

Na kikwembe, ambacho leo tunakiita vazi letu la asili? Hapa wengine watashangaa. Kikwembe cha bei kubwa, kile ambacho mama hakivai ila siku ya harusi au ya sikukuu, kinatoka Uholanzi, katika kiwanda cha Vlisco kilichoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Waholanzi hawakubuni kazi ile. Waliiona kwa watu wa Java, kule Indonesia, ambao walichora nguo kwa nta tangu zamani, nao wakaigiza kwa mashine na kuja kuiuza Afrika. Leo viwanda vya China vinaigiza Waholanzi. Wakati wa Zaïre kiwanda cha Sotexki cha Kisangani kilitutengenezea vikwembe vyetu, lakini kwa sasa vijana wa baiskeli wanaotoka Bukavu na Kalemie wanatuletea zaidi vile vya China, pamoja na mitumba ya Ulaya.

Je, tuseme kwamba kikwembe si chetu? Mimi nakataa. Mama zetu wamekipa kazi ambayo Mholanzi hakuijua: cha mahari, cha msiba, cha kumbeba mtoto, cha kumwaga binti anayeolewa. Wamekipa michoro yake majina ya kwetu, hata mama anaweza kumwambia mwenzake neno kali kwa kikwembe tu, bila kufungua kinywa. Kimekuwa chetu kwa kazi tuliyokifanyia. Ni vile vile na rumba, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa wanadamu: ilitoka Afrika na watumwa, ikalelewa Cuba, ikarudi Kongo katika sahani za santuri miaka ya 1930, na wanamuziki wetu wakaitambua kama mtoto aliyepotea. (Hatuchezi rumba kanisani, lakini ukweli ni ukweli.) Na mchele tunaokula ililetwa mbegu yake na watu wa pwani. Leo nani Kasongo anasema mchele ni chakula cha wageni?

KISWAHILI CHENYEWE

Ndugu, hata lugha ninayoandikia somo hili ilikuja katika msafara ule ule wa pembe. Waungwana waliileta, na kwa sababu yao iliitwa Kingwana. Wengi wa Waungwana hawakuwa Waarabu. Walikuwa vijana wa huku huku, waliotekwa au waliojiunga, wakavaa nguo nyingine, wakachukua jina lingine na lugha nyingine. Majina Ramazani, Amisi, Salumu, Shabani yamejaa katika familia zetu mpaka leo, hata za wakristo. Mobutu alipotukataza majina ya kikristo mwaka 1972 juu ya "authenticité", kila mtu akatafuta jina la mababu, na wengine waliona kwamba jina la babu yao lenyewe lilitoka Uarabuni.

Tena kuna wale waliochukuliwa toka kwetu wasirudi. Ujiji, Dar es Salaam na Bujumbura kuna watu wanaoitwa Wamanyema, na Dar es Salaam kuna msikiti wenye jina hilo. Mababu zao waliondoka hapa wakiwa watu wa lugha nyingi, wengine wamefungwa minyororo, wengine wakibeba mizigo. Walipofika ugenini wakawa kabila moja. Hapa kwetu hakukuwa na kabila la jina hilo. Safari ndiyo iliyolizaa.

Lakini Kiswahili kilipofika hapa hakikubaki kama kilivyotoka Zanzibar. Wababu zetu walikitengeneza. Tunaposema "katoto" na "tutoto", tunaposema "batu" na "bintu" nyumbani, sauti hizo ni za lugha zetu zilizoingia ndani ya Kiswahili na kukaa humo. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Toka mwaka 2021 UNESCO imekipa siku yake duniani, tarehe 7 Julai, na mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ambako lugha hii inatuunganisha na majirani. Nashukuru. Bila Kiswahili, Mzimba wa Kasongo na Mbuyu wa Kabambare wangehitaji mkalimani ili wasali pamoja.

Hapa tufike kwenye jambo linalouma. Ile ile Kiswahili inayotulinda mbele ya Kifaransa na Kiingereza inakula lugha ndogo nyumbani mwetu. Kizimba, Kizula, Kibangubangu, Kibuyu, Kihombo, lugha ya Wagenya wa mtoni: katika mji wa Kasongo utapata watoto wengi wanaojua jina la lugha ya babu yao na salamu mbili tatu, basi. Wageni wa Ulaya hawakufanya hivyo. Ni sisi, baba na mama, tunaosema na watoto wetu Kiswahili tu, na kufurahi wakiongeza maneno machache ya Kifaransa.

Mtu atauliza: hasara ni nini, kama watoto wanasikilizana? Nitajibu kwa mambo niliyoyaona katika kazi ya ushemasi. Mama mmoja mzee wa parokia yetu, mwenyeji wa Kabambare, alipokuwa karibu kufa aliacha Kiswahili. Ugonjwa ulimrudisha katika lugha ya utoto wake. Wajukuu walikaa kando ya kitanda siku tatu wakimsikia akisema na kusema, na hakuna aliyeelewa. Tulitafuta mzee mmoja katika avenyu nyingine. Alipofika mama alikuwa hana sauti tena. Mpaka leo wajukuu wale wanaulizana: alitaka nini? Alikuwa akitubariki? Alikuwa na deni? Hiyo ni hasara ambayo hakuna soko litakaloirudisha.

Kuna hasara nyingine za kila siku. Majina ya miti ya dawa, ya uyoga unaoliwa na ule unaoua, ya samaki wa Lualaba na mitego yao, mengi hayana neno katika Kiswahili chetu. Jina likipotea, mtoto anapita mbele ya mti na kuona "mti" tu. Katika ugomvi wa mashamba wazee wanataja mipaka kwa majina ya vijito na vilima ambayo maana yake iko katika lugha ya kale. Kijana asiyeijua anasimama mbele ya baraza kama bubu, na shamba linakwenda kwa mwingine.

Angalieni pia Salamabila, katika teritware ya Kabambare. Dhahabu ya Namoya imewaita watu toka kila upande. Kampuni ya Kanada, Banro, ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, na kazi ikasimama mwaka 2019 katikati ya vita na usalama mbaya. Dhahabu iliondoka kama pembe zilivyoondoka. Watoto wanaokua karibu na mashimo wanachanganya lugha tano katika sentensi moja, jambo ambalo si dhambi. Lakini wengi hawana mzee karibu nao wa kuwafundisha hata moja kwa ukamilifu, kwa sababu vita viliwatawanya wazee.

NEHEMIA ALIKASIRIKIA NINI?

Katika Nehemia 13 tunasoma kwamba nusu ya watoto wa Wayahudi walisema lugha ya Ashdodi, na hawakuweza kusema lugha ya Kiyahudi. Nehemia alikasirika mpaka akawapiga baba zao na kuwavuta nywele. Mashemasi wetu wasimwige katika jambo hili. Wengine wanachukua andiko hili kusema kwamba mwanamke wa kabila lingine anaharibu nyumba. Basi wasome Ruthu: yeye alikuwa Mmoabu, na katika ukoo wake alizaliwa Mfalme Daudi. Kosa halikuwa mama mgeni. Nusu ya watoto walikuwa wamepoteza lugha ambayo Sheria ilisomwa ndani yake. Wangesikiaje?

Angalieni tena Nehemia alikuwa nani. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, mtu aliyeishi Shushani, katika mji mkuu wa wageni, akila na kusema pamoja nao. Hakukaa kijijini kwa kuogopa dunia. Aliijua dunia kuliko ndugu zake wote, na ni yeye aliyeulilia mji wa baba zake na lugha yake. Kijana anayesoma Kindu au Bukavu asidhani kwamba ni lazima achague.

Halafu tusome Matendo 2. Wakati ule Kiyunani kilikuwa kama Kiswahili chetu: lugha ya njia, ya bandari na ya soko. Wengi wa wale waliokusanyika Yerusalemu walikijua. Ingekuwa rahisi mitume wahubiri kwa Kiyunani tu, na Agano Jipya lenyewe liliandikwa kwa Kiyunani. Lakini siku ya Pentekoste kila mtu alisikia lugha aliyozaliwa nayo, Mparthi yake, Mmedi yake, Mwarabu yake. Lugha ya soko ilibeba kitabu, na lugha ya mama ilifika moyoni. Makanisa yaliyozaliwa Afrika yanalijua jambo hili vizuri. Simon Kimbangu mwaka 1921 aliwahubiri watu wake kwa Kikongo, na Wabelgiji walimfunga miaka thelathini, mpaka kufa kwake Elisabethville mwaka 1951.

TUFANYE NINI?

Sisemi turudi kwenye mabondo. Sisemi pia kwamba kila desturi ya kale ilindwe: kumshitaki mzee au mtoto uchawi kila mtu akifa, kumrithi mjane kama mbuzi, hayo yaende na yasirudi. Mapokeo ya mababu yapimwe kama tunavyoyapima ya wageni. Na Sheria ya nchi iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba lugha zingine za nchi, mbali na zile nne za taifa, ni urithi ambao Serikali inapaswa kuulinda. Lakini Serikali haitakuja jikoni mwako kusema na mtoto wako.

Wazee wa kanisa wamekubaliana juu ya mambo haya. Katika kila ibada ya mwezi wa kwanza, wimbo mmoja uimbwe kwa lugha ya mwenyeji, na anayeujua awafundishe wengine maana yake kwa Kiswahili. Tunapowatembelea wagonjwa wazee, shemasi aende na mtu anayejua lugha ya mgonjwa, hata kama mgonjwa bado anasema Kiswahili vizuri. Na vijana wenye telefone, hii ni kazi yao: chombo kile kile kinachowaletea nyimbo za Lagos na Marekani kina pia kinasa sauti. Waende kwa mzee mmoja, wamwombe ruhusa kwa heshima, wachukue hadithi, majina ya ukoo, majina ya miti, wimbo wa kubembeleza mtoto. Kisha waandike katika kaye, kwa sababu telefone inaanguka majini na kaye inakaa.

Juu ya Kilingala na Kiingereza katika kwaya: waimbe. Lakini anayeona haya kuimba lugha ya nyanya yake, na haoni haya kuimba Kiingereza asichokielewa, tuzungumze naye kwa upole. Haya hiyo haikuzaliwa naye. Ni ile ile iliyowekwa juu ya mababu siku walipoambiwa kwamba mwenye mabondo ni mshenzi.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yako watu wanasema lugha ngapi? Mtoto wa mwisho anajua ipi, na nani alimfundisha?

2. Ruthu alisema mbele ya Naomi kwamba watu wa Naomi watakuwa watu wake. Je, mke anayetoka kabila lingine akiingia katika ukoo wenu, mnamfundisha lugha yenu? Na ninyi mnajifunza yake?

3. Taja kitu kimoja kilichotoka nje ambacho ukoo wenu umekifanya kuwa chenu, na desturi moja ya mababu ambayo mmekubaliana kuiacha. Nani aliamua?

4. Kila mtu alete Jumapili ijayo jina la mto, kilima au mti wa kwao, pamoja na maana yake. Asiyejua aulize nyumbani kabla ya kuja. Karani wa parokia atakuwa na kaye tayari.